Rafu zipi ziondoke? Jibu kwa mhadhiri wa Mombasa kuhusu vitabu vya karatasi katika maktaba ya chuo kikuu

Swali: Assalaam alaikum, Mwalimu. Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, na pia ni mwanakamati wa maktaba. Tumeletewa pendekezo la kuondoa zaidi ya nusu ya rafu za ghorofa ya pili ili pawekwe viti, meza na kompyuta, na fedha zote za vitabu za mwaka ujao zielekezwe kwenye vitabu vya kielektroniki. Wanaolitetea wanasema wanafunzi hawaazimi tena vitabu vya karatasi. Wanaolipinga wanasema maktaba isiyo na vitabu si maktaba. Mimi nimebaki katikati. Je, kitabu cha karatasi bado kina kazi gani katika maktaba ya chuo kikuu, na ungekuwa wewe ungepiga kura vipi?

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu mhadhiri. Nianze na kura. Ningekubali rafu zipungue na viti viongezwe, lakini nisingekubali kitabu hata kimoja kitoke kabla idara husika haijaipitia orodha, wala nisingekubali fedha zote za vitabu zigeuke kuwa ada ya leseni. Pande zote mbili za kamati yenu zinazungumza kana kwamba vitabu vyote ni vya aina moja, na hapo ndipo mjadala unapokwama. Mbele ya kila rafu kuna swali moja la kuuliza: kitabu hiki kikiondoka leo, tutakipata wapi tena, kwa bei gani, na baada ya muda gani? Kwa vitabu vingi vya ghorofa ile jibu litakuwa jepesi, na vitabu hivyo viacheni viende. Kwa vichache hamtapata jibu lolote, na hivyo ndivyo vinavyostahili nafasi, kiyoyozi na mkutubi wa kuvitunza.

Karatasi ilianza kuondoka kwenye maktaba za vyuo kupitia majarida, na inafaa kuelewa kwa nini yalihama kwa urahisi kuliko vitabu. Mradi wa JSTOR, hazina ya kielektroniki ya majarida ya kitaaluma iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, ulitokana kwa kiasi kikubwa na tatizo kama lenu: majuzuu ya majarida ya zamani yalikuwa yakijaza majengo, na kujenga rafu mpya ni ghali. Makala ya jarida ni fupi, hutafutwa kwa mada au kwa jina la mwandishi, na hakuna aliyekuwa akisoma juzuu zima tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Yalipohamia kwenye kompyuta, msomaji hakupoteza kitu alichokuwa akikitumia. Kwetu mlango ulifunguka sawasawa mwaka 2009, nyaya za intaneti za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika hapa hapa Mombasa. Kabla ya hapo vyuo vilitegemea setilaiti, na kupakua makala moja kulikuwa kazi ya kumchosha mtu. Leo vyuo vya Kenya hulipia majarida kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba, KLISC, na mwanafunzi wa uzamili anayekaa Likoni anafikia majarida ambayo maktaba za nchi hii zisingeweza kuyanunua kwa karatasi hata katika miaka yao ya neema. Mkiwa bado mna majuzuu ya karatasi ya majarida ambayo chuo kina haki ya kudumu ya kuyasoma kwa njia ya kielektroniki, anzeni nayo. Hakuna atakayeyalilia.

Vitabu ni habari nyingine, na hapa hoja ya kwamba wanafunzi hawaazimi inahitaji kutazamwa kwa makini. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilitoa uchunguzi uliowashtua wakutubi wengi: kati ya vitabu ambavyo maktaba yake ilivinunua mwaka 1969, karibu asilimia 40 havikuwa vimeazimwa hata mara moja katika miaka 6 ya mwanzo. Wakati huo hapakuwa na simu za mkononi wala intaneti ya kulaumiwa. Maktaba ya chuo kikuu tangu zamani imekuwa na vitabu vichache vinavyogombaniwa na vingi vinavyongoja msomaji ambaye huenda asije. Kwa hiyo takwimu ya kuazima, ikiletwa peke yake, haithibitishi kwamba zama za karatasi zimekwisha. Tena haihesabu vitabu vinavyosomewa mezani na kurudishwa bila kupitia dawati la mkopo, na katika maktaba zetu, ambamo vitabu vya kiada vinavyohitajika sana huwekwa sehemu ya mkopo mfupi au haviruhusiwi kutoka kabisa, usomaji wa namna hiyo si mdogo. Mwombeni mkutubi mkuu awaagize watumishi wahesabu vitabu vinavyoachwa mezani kila jioni kwa muhula mmoja, wakiandika vilitoka rafu ipi. Ni kazi ndogo, na itawapa hoja nzito kuliko hotuba zote mtakazozisikia kikaoni.

Hata hivyo si haki kuwabeza wanaotaka viti. Mwanafunzi anayeishi Kisauni au Mikindani katika chumba cha watu wanne, ambamo redio ya jirani haizimwi na stima haina uhakika, anakuja maktaba kwa sababu ya meza, mwanga, utulivu na intaneti ya chuo, hata kama kitabu anachokisoma kimo ndani ya simu yake. Kiti hicho ni kifaa cha masomo sawa na kitabu. Nimeona wasomi wa rika langu wakilalamika kwamba maktaba zimegeuka kumbi za kukalia, huku wao wenyewe wakiwa na vyumba vya kusomea nyumbani kwao.

Kuhusu usomaji wenyewe, uchunguzi unaotajwa mara nyingi ni ule wa mwaka 2018 uliokusanya matokeo ya tafiti 54 zenye wasomaji zaidi ya 170,000. Katika hadithi haikuonekana tofauti ya maana kati ya karatasi na skrini. Katika maandishi ya maarifa, yaani aina hasa ya maandishi anayopewa mwanafunzi wa chuo, waliosoma kwenye karatasi walielewa vizuri zaidi, na tofauti iliongezeka pale muda ulipobana. La kushangaza ni kwamba pengo hilo halikupungua kadiri watu walivyozoea kompyuta, bali katika tafiti za kati ya mwaka 2000 na 2017 lilizidi kupanuka. Lakini usilitumie jambo hili kama rungu kikaoni. Pengo lenyewe si kubwa, na mwanafunzi anayesoma sura nzima kwenye simu saa tano usiku amefaidika kuliko yule ambaye kitabu chake kizuri cha karatasi kimefungiwa ndani ya jengo. Kwa mwanafunzi asiyeona, faili inayoweza kusomwa kwa sauti na programu ya kompyuta ndiyo iliyomwingiza maktabani kwa mara ya kwanza. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, uliwekwa ili haki za wachapishaji zisiwe kizuizi kwa wasomaji kama hao. Ninachokitoa katika uchunguzi ule ni pendekezo dogo tu: kwa vitabu ambavyo mwanafunzi hutakiwa kuvisoma kwa kina, mwanzo hadi mwisho, nunueni nakala chache za karatasi hata mkiwa na toleo la kielektroniki.

Sasa nifike kwenye fedha, ambapo naona hatari kubwa kuliko ile ya rafu. Neno “kununua” linatumika kwa mambo mawili tofauti. Maktaba ikinunua kitabu cha karatasi, kitabu ni chake: itakiazimisha kwa miaka 40 ikipenda, na mchapishaji hawezi kuja kukichukua. Kitabu cha kielektroniki mara nyingi hupangishwa kama chumba, na mwenye nyumba ana haki ya kupandisha kodi au kukataa kuendelea na wewe. Leseni moja huruhusu msomaji mmoja tu kwa wakati mmoja, nyingine wasomaji watatu, nyingine wote. Kwa darasa la wanafunzi 200 wiki moja kabla ya mtihani, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Bei anayotozwa mtu binafsi si ile inayotozwa maktaba, ambayo huweza kuwa mara kadhaa zaidi, na viko vitabu vya kiada ambavyo wachapishaji wake hawaviuzii maktaba kabisa kwa njia ya kielektroniki kwa sababu wanataka kila mwanafunzi anunue chake. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu ambavyo watu walikuwa wamevilipia vikatoweka kwenye vifaa vyao. Walirudishiwa fedha, lakini vitabu havikurudi. Hao walikuwa wasomaji binafsi wenye mkoba wa kampuni kubwa wa kuwafidia. Chuo kinachochelewa kupata mgao wa serikali, kikashindwa kulipa ada ya mwaka, hakifidiwi na mtu.

Wala si ada peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa bara hili na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima usiku kucha. Mambo haya hutokea mara chache, na mimi si mtu wa kukataa teknolojia kwa sababu ya usiku mmoja wa giza. Yanatosha tu kuonyesha kwamba maktaba inayotegemea njia moja pekee imejiweka mikononi mwa wengine.

Nisieleweke kwamba karatasi ni salama. Wapwani tunajua. Kuvu huanza kuota kwenye karatasi na majalada pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya takriban asilimia 65 hadi 70 mahali pasipo na mzunguko wa hewa, na hewa ya Mombasa hupita kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Mbaya kuliko kukosa kiyoyozi ni kuwa na kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni ili kubana matumizi, kwa sababu usiku hewa yenye unyevu huingia na kukuta vitabu vilivyopoa. Rafu zinazogusa ukuta wa nje, hasa ule unaopigwa na mvua za masika, ndizo za kwanza kunuka. Mchwa nao hawasubiri. Kwa sababu hiyo mimi huwaambia wakutubi wa pwani jambo ambalo wenzetu wa Nairobi huliona la ajabu: kwetu, kushikilia kila kitabu ni njia ya kuvipoteza vingi. Vitabu vichache vilivyopangwa kwa nafasi, mbali na kuta, katika chumba kimoja chenye mashine ya kupunguza unyevu inayofanya kazi saa 24, vitaishi kuliko ghorofa nzima ya vitabu vilivyobanana vikingoja kuharibika pamoja. Katika hili pendekezo mliloletewa linaweza kuwa rafiki wa vitabu, mkilielekeza vizuri.

Moto ni somo jingine. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliunguza ukumbi wa kusomea wa Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya vitabu vya mkusanyiko wa masomo ya Afrika ikateketea. Milango ya kuzuia moto iliokoa hazina nyingine zilizokuwa katika jengo hilo hilo. Vile vilivyokuwa vimeskaniwa mapema vilibaki angalau kama picha. Vilivyokuwa na nakala mahali pengine viliweza kutafutwa upya.

Hapo tumefika kwenye vitabu ambavyo swali langu la mwanzo halina jibu kwavyo. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, tunamsoma leo kwa sababu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa Mwalimu Sikujua aliyaandika mashairi yake kwa ajili ya mmishonari W. E. Taylor, na karatasi za Taylor ziko London, katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika. Nashukuru kwamba zimetunzwa. Lakini mtafiti wa Mji wa Kale anayetaka kuona maandishi hayo hana budi kutegemea maktaba iliyo nchi nyingine, na hilo ni matokeo ya nani aliamua kuhifadhi na nani hakuamua. Katika ghorofa yenu ya pili, pengine katika rafu ya chini isiyosafishwa, kuna vitu vya namna hiyo hiyo vya zama zetu: tasnifu za wanafunzi zilizochapwa kwa taipureta nakala tatu tu, vitabu vya Kiswahili vya wachapishaji wadogo waliokwisha kufunga, vijitabu vya kasida na mawaidha, ripoti za bandari na za baraza la mji wa zamani, magazeti ya pwani yaliyokoma, nyaraka za taasisi ya elimu ya Waislamu ya kabla ya uhuru ambayo leo ndiyo Technical University of Mombasa. Hakuna mchapishaji wa ng'ambo atakayewauzia leseni ya vitu hivyo, kwa sababu hana. Takwimu za kuazima zitaonyesha sifuri, na mtu mwenye haraka ataviondoa vya kwanza kwa kuwa ndivyo vichakavu zaidi na vimekaa bila kuguswa. Hii ndiyo sababu nimesema orodha ipitiwe kwanza, na ipitiwe na watu wa historia, Kiswahili, dini na masomo ya bahari.

Mfano wa maktaba za nje utatajwa kikaoni, basi uwe tayari. Florida Polytechnic, chuo kilichofunguliwa mwaka 2014, kilianza na maktaba isiyo na kitabu cha karatasi. Ni kweli, lakini ni chuo kipya cha uhandisi na teknolojia, hakikurithi mkusanyiko wowote, na wanafunzi wake wanaweza kuazima vitabu kutoka vyuo vikuu vingine vya jimbo hilo. Maktaba yake iliweza kuanza bila vitabu kwa sababu majirani wanavyo. Kwa upande mwingine, Chuo Kikuu cha Chicago kilifungua maktaba ya Mansueto mwaka 2011, yenye ukumbi wa kusomea chini ya kuba la kioo na ghala chini ya ardhi lenye uwezo wa kuweka majuzuu milioni 3.5, ambayo huletwa na mitambo dakika chache baada ya msomaji kuyaagiza. Walipata viti na wakabaki na vitabu, kwa gharama ambayo sisi hatuna. Kwetu njia ya katikati ni ghala la kawaida, kavu na lenye katalogi sahihi, ambamo kitabu kikiombwa asubuhi hupatikana mchana. Neno zito hapo ni katalogi. Kitabu kilichoko ghalani bila kuandikwa katika katalogi ya Koha, programu ya kompyuta ya maktaba, au mfumo wowote mnaoutumia, kimetupwa tayari. Na kama mnataka kuegemea majirani kama Florida, basi kuwe na mkataba wa maandishi wa kuazimana vitabu na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi pamoja na kampasi nyingine za vyuo zilizoko mjini, kabla ya kuondoa chochote kwa kisingizio kwamba wengine wanacho.

Katika kuchuja, masomo hayalingani, na kanuni moja kwa wote itawaumiza. Kitabu cha tiba au cha uuguzi kilichopitwa na wakati ni hatari na kitoke hata kama bado kinaazimwa. Vitabu vya kujifunza programu za kompyuta zilizokwisha kufa vitoke bila mjadala. Sheria na historia ni kinyume: toleo la zamani ndilo linaloonyesha hali ilivyokuwa, na wakili au mwanahistoria atalitafuta. Kwa vitabu vya kiada mlivyo navyo nakala 20, bakizeni mbili au tatu. Fasihi ya Kiswahili na ya Kiafrika ningeiacha ilivyo, nakala zilizorudufiwa zikiondolewa tu. Kuhusu fedha, ningependekeza theluthi moja ibaki kwa ajili ya karatasi, hasa vitabu vinavyochapishwa Afrika Mashariki, na sehemu nyingine iende kwenye kuskani tasnifu na nyaraka za pwani na kuziweka katika hazina ya kidijitali ya chuo, ambayo itakuwa mali yenu wenyewe. Kinachobaki kilipie vitabu vya kielektroniki, lakini muuzaji aandike bayana: haki ni ya kudumu au ya mwaka, ni wasomaji wangapi kwa wakati mmoja, mwanafunzi anaweza kupakua sura na kuisoma bila intaneti au la, na mchapishaji akikiondoa kitabu katikati ya mwaka chuo kinapata nini. Muuzaji anayekwepa swali la mwisho msimpe fedha.

Kuna watakaokutisha na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kwamba wakaguzi wakikuta rafu zimepungua kozi zenu zitakataliwa. Tume hukagua maktaba kweli kabla ya kuidhinisha kozi, lakini anachotaka mkaguzi ni kuona kwamba mwanafunzi anapata vitabu vinavyotajwa kwenye mtaala, vikiwa vya sasa na vya kutosha. Rafu zilizojaa vitabu vya miaka ya themanini hupendeza kwenye picha, basi.

La mwisho ni la kiutaratibu, nalo ndilo hukwamisha mipango hii mara nyingi. Kama chuo chenu ni cha umma, vitabu mtakavyoviondoa ni mali ya umma, na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka vipitie kamati ya uondoaji mali. Mkutubi hana mamlaka ya kuvigawa wala kuvichoma, hata akiwa na nia njema. Sheria hiyo inaruhusu mali kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, kwa malipo au bila malipo, kwa hiyo shule za sekondari za kaunti na vyuo vya ufundi vinaweza kupokea vile vinavyowafaa. Orodha, idhini na makabidhiano huchukua miezi, kwa hiyo ombeni katika kikao hiki hiki kwamba kuchuja kuanze muhula huu na fundi wa viti asiitwe kabla kamati hiyo haijatia saini.